Ziara ya siku moja Savoca na Forza d'Agrò: nunua saa, usinunue vituo

Ukiamini kwamba Corleone ya kwenye filamu ya The Godfather ndiyo Corleone ya kwenye ramani, utalipia ziara ambayo hukuitaka. Mji wa Corleone upo kweli, ndani ya milima kusini mwa Palermo, magharibi mwa Sisilia. Francis Ford Coppola, aliyeiongoza filamu hiyo, alipofika kisiwani mwaka 1971, aliukuta umejengeka kisasa mno kuweza kuigiza mji wa miaka ya 1940. Kamera zikahamia upande wa pili wa kisiwa, mkoa wa Messina, kwenye vijiji vilivyokaa juu ya vilima vinavyotazama Bahari ya Ionia. Vijiji hivyo ni Savoca na Forza d'Agrò. Ziara yake huanzia Taormina, Messina au Catania. Tangazo linalotaja Corleone na kuanzia Palermo linauza safari nyingine, ya historia ya mafia na ya watu waliopambana nayo. Ni safari nzuri, ila huko hutaiona baa ya baba yake Apollonia, msichana wa Kisisilia anayeolewa na Michael, mhusika mkuu wa filamu.

Baa hiyo iko Savoca, na jina lake ni lile lile la kwenye filamu: Bar Vitelli. Iko Piazza Fossia, kwenye mlango wa kijiji, na hapo ndipo ugumu wa siku nzima unapoanzia. Kila gari likipanda kutoka Santa Teresa di Riva, mji wa pwani ulio chini yake, abiria wake hushukia karibu na baa, huiona, na hukaa. Kati ya saa nne na nusu asubuhi na saa sita na nusu mchana, hasa siku ambayo meli za kitalii zimetia nanga Messina, makundi matatu au manne hugombea meza zile zile chache zilizo chini ya majani yaliyotambaa. Kundi lenye dakika 45 za kijiji kizima humaliza 30 kusubiri kinywaji, kisha hupiga picha ya haraka na kurudi garini bila kuliona kanisa la harusi.

Dawa yake ni ndogo: anza na kanisa, malizia na baa. Kanisa la San Nicolò, ambalo wengine huliita Santa Lucia, ndilo ambalo Michael na Apollonia wanatoka wakiwa wamefunga ndoa. Kutoka Piazza Fossia ni mwendo wa dakika 10 hivi kwa miguu, sehemu kubwa kupanda. Limejengwa ukingoni mwa mwamba, na barabara inayolifikia ni sehemu ya raha yenyewe, kwa sababu bonde lote linafunguka upande mmoja. Ukifika pale mapema utakuwa na ngazi za kanisa peke yako. Ukirudi chini, kundi la kwanza baani huenda limeshaanza kuondoka.

Kwa anayelala Taormina, ratiba inayofanya kazi ni hii. Ondoka saa mbili na robo. Shuka pwani, shika barabara ya A18 kuelekea Messina au SS114 inayofuata bahari, na saa tatu kasoro au saa tatu kamili uwe Savoca. Kaa hapo si chini ya saa mbili. Saa tano na nusu hivi shuka tena pwani, kisha panda Forza d'Agrò kupitia Sant'Alessio Siculo. Chakula cha mchana kiwe saa saba, huko juu au chini ufukweni, maana majiko mengi ya migahawa hufungwa kuanzia saa nane na nusu na hayafunguki tena hadi jioni.

Wengine watakuambia uanze na Forza d'Agrò kwa sababu iko karibu zaidi na Taormina. Kwa umbali hawakosei, lakini kwa milango wanakosea. Makanisa ya vijijini Sisilia hufungwa mchana, kwa kawaida kuanzia saa sita au saba hadi saa tisa na nusu au kumi. Katika kimoja kati ya vijiji hivi viwili lazima utaukuta mlango umefungwa, kwa hiyo chagua kile ambacho hasara yake ni ndogo. Forza d'Agrò, filamu ilitumia uso wa nje wa Kanisa Kuu la kijiji na uwanja ulio mbele yake, na hivyo havifungwi. Kijiji hiki kilionekana katika filamu zote tatu. Katika ile ya pili, ya mwaka 1974, ndipo mtoto Vito, atakayekuja kuwa baba yake Michael, anapotoroshwa akiwa amefichwa juu ya punda. Simama mbele ya ule uso wa kanisa, mgongo ukiwa umeelekea uwanjani, na utaitambua picha bila kusaidiwa.

Forza d'Agrò iko mita 420 hivi juu ya bahari, na Savoca kama mita 300. Tofauti hiyo unaisikia tumboni kabla ya kuiona. Barabara zote mbili zina kona kali zinazojirudia, na ya Forza d'Agrò ni mbaya zaidi. Anayeugua kichefuchefu garini akae kiti cha mbele, ameze dawa yake nusu saa kabla ya kupanda na si katikati ya kona, na asinywe kahawa na maziwa mengi asubuhi hiyo. Basi dogo la watu 8 hadi 16 linafaa kuliko basi kubwa. Dereva wa basi kubwa huenda polepole sana kwenye kona, hana mahali pengi pa kuegesha, na kundi la watu 40 huhitaji robo saa nzima kushuka na kujikusanya. Mara mbili kupanda na mara mbili kushuka, tayari saa moja imeliwa.

Suala la mwongozaji nalo lina mtego wake. Italia, kuongoza watalii ni kazi ya leseni, na sheria ya mwaka 2023 iliweka mtihani na orodha ya kitaifa. Dereva wa gari la kukodi ana kibali cha kubeba abiria, ambacho si leseni ya kuongoza. Wengi wao ni wazungumzaji wazuri na watakupa hadithi tamu mkiwa njiani, lakini mkishuka, wao hubaki na gari. Kwa hiyo usiulize tu kama kuna mtu anayeongea Kiingereza. Uliza: je, kuna mwongozaji mwenye leseni atakayetembea nasi kijijini? Jibu likiwa hapana, si kosa, mradi bei ishuke na wewe ujiandae mwenyewe.

Maandalizi yenyewe si makubwa. Tazama tena sehemu ya Sisilia katika filamu ya kwanza, simamisha kila panapoonekana jengo, na uhifadhi picha hizo ndani ya simu, usitegemee mtandao wa juu mlimani. Picha sita zinatosha: Michael na walinzi wake mezani nje ya baa, harusi ikitoka kanisani, msafara wa harusi na bendi, na chache za mitaa. Ukifika, usijaribu kuzilinganisha kwa kusogea karibu na jengo. Lenzi ya kawaida ya simu ni pana, nayo huisukuma milima ya nyuma ikawa midogo. Rudi nyuma hatua kadhaa, kuza mara mbili, ndipo jengo na mlima vitakapokaribiana kama unavyovikumbuka.

Kuhusu mwanga, jiografia inakusaidia kukisia. Pwani hii inatazama mashariki. Asubuhi jua liko juu ya bahari, hivyo picha za bahari hutoka na weupe unaoumiza macho, ilhali Etna, mlima wa volkano ulio kusini-magharibi na wenye urefu wa zaidi ya mita 3,300, unapigwa na mwanga mzuri. Mchana ukigeuka, mambo nayo yanageuka: bahari inakuwa ya buluu, na mlima unabaki kivuli ndani ya ukungu. Upepo wa sirocco ukivuma kutoka Afrika, ukungu huo huwa mzito kiasi kwamba Etna haionekani kabisa, na hakuna ziara inayoweza kukuahidi vinginevyo.

Rudi Savoca kidogo, maana bado kuna mambo mawili. Pale uwanjani, ng'ambo ya baa, kuna sanamu ya chuma ya Coppola akiwa nyuma ya kamera, kazi ya msanii Nino Ucchino. Watu huipita wakidhani ni kibao cha barabara. Ndani ya baa kuna picha na vitu vya kumbukumbu za siku za upigaji filamu, na unaruhusiwa kuvitazama ukiwa mteja. Agiza granita ya limau, yaani barafu laini iliyochanganywa na maji ya limau na sukari, ambayo huliwa na biskuti. Kumbuka desturi ya baa za Italia: kunywa umesimama kaunta mara nyingi ni bei ndogo kuliko kuhudumiwa mezani. Meza ya nje ya baa maarufu namna hii utailipia, na hapa tunaona inastahili, kwa sababu kukaa pale ndiko kulikokuleta. Choo pia ni cha wateja, kitumie kabla hujaondoka.

Jambo la pili ni makaburi ya chini ya ardhi katika nyumba ya watawa Wakapuchini, upande mwingine wa kijiji, ambako kuna maiti zilizokaushwa za watu wenye hadhi wa Savoca ya zamani, zikiwa bado na mavazi yao. Ziara nyingi huziorodhesha kana kwamba ziko wazi daima. Hali si hiyo. Kuna vipindi vya kufungwa kwa matengenezo. Mwandikie wakala umuulize kuhusu tarehe yako mahususi. Kama zimefungwa, omba zile dakika 40 zihamie kijijini, zisipelekwe dukani kwenye fulana zenye maneno ya mafia.

Tukizitaja hizo fulana: kwa wenyeji hili si jambo la kuchezea. Majaji Giovanni Falcone na Paolo Borsellino waliuawa kwa mabomu kisiwani humu mwaka 1992, Mei na Julai, na watu wazima wengi unaokutana nao wanakumbuka. Kuongelea filamu na waigizaji ni sawa kabisa. Kumuuliza mhudumu kama watu wa mafia "wapo hapa" ni utovu wa adabu. Mwongozaji anayejaza siku nzima kwa mizaha ya aina hiyo anakupunguzia thamani ya pesa yako, kwani Forza d'Agrò ina tao la Durazzesco na mabaki ya ngome kileleni, na mambo hayo ndiyo yanayohitaji mtu wa kuyaeleza.

Ngome hiyo ina ngazi kali. Viatu viwe vya soli yenye meno, maana mawe ya vichochoro yamesuguliwa na karne za nyayo na huteleza hata yakiwa makavu. Kwa anayetumia kiti cha magurudumu, Piazza Fossia inafikika, lakini sehemu za juu za vijiji vyote viwili ni ngazi na miteremko. Mwambie wakala mapema ili gari limsogeze inapowezekana. Mabega na magoti yafunikwe makanisani, na kanga moja mkobani inamaliza tatizo hilo. Jumamosi epuka ukiweza, kwa kuwa watu huja kufunga ndoa, na harusi ikiwapo mgeni hubaki nje. Jumapili asubuhi kuna misa. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 30 na vivuli ni vichache. Aprili hadi Juni, au Septemba na Oktoba, miguu itakushukuru.

Wakala atakushawishi uongeze Castello degli Schiavi, nyumba ya kifahari ambako gari la Apollonia linalipuka. Fikiri kabla ya kukubali. Iko Fiumefreddo, kusini mwa Taormina, wakati vijiji viko kaskazini, kwa hiyo unalipia kuvuka pwani nzima. Tena ni mali ya mtu binafsi: bila mpango uliothibitishwa utaona ukuta na lango tu. Kama unataka kituo cha tatu, stesheni ya Taormina-Giardini ni bora zaidi. Iko njiani, haina kiingilio, na filamu ya tatu iliitumia kama stesheni ya Bagheria. Dakika 15 zinaitosha.

Katika bei uliyopewa, uliza mambo manne kwa maandishi: tozo ya A18, maegesho, viingilio, na chakula. "Chakula kimejumuishwa" mara nyingine humaanisha kuonja vipande vya jibini dukani. Mgahawani utakuta pia ada ndogo ya meza kwa kila mtu, iitwayo coperto, ambayo si bakshishi wala si udanganyifu, bali imeandikwa kwenye orodha ya vyakula.

Bila ziara inawezekana pia, kwa treni ya pwani hadi Santa Teresa di Riva, kisha teksi au basi la kijiji. Treni haina shida, ila tiketi ya karatasi igongwe muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda. Shida ni basi: huenda mara chache kwa siku, na Jumapili ni chache zaidi au hakuna. Panga kwanza jinsi ya kushuka, ndipo upande.

Wanaotoka melini Messina hufika Savoca saa nne hivi, pamoja na wenzao wote. Kwao ratiba igeuzwe: Forza d'Agrò kwanza, Savoca baadaye, wakati makundi yameshuka kwenda kula. Kanisa huenda likawa limefungwa, lakini ngazi za harusi na meza ya baa vitakuwa wazi. Na unapompa dereva saa ya kurudi, mpe saa ambayo ngazi ya meli inaondolewa, si saa ya kung'oa nanga, kisha uondoe saa moja na nusu kwa ajili ya A18 na foleni za mjini Messina.