Astiz na Kinga ya Kutii Amri

Swali: Ndugu Mhariri, kwa nini Alfredo Astiz, ofisa wa jeshi la majini la Argentina, alichelewa kuadhibiwa? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Mwaka 1977 Astiz alijipenyeza miongoni mwa akina mama waliokuwa wakiwatafuta watoto wao waliotoweka mikononi mwa utawala wa kijeshi wa nchi hiyo, akijifanya naye amepotelewa na ndugu, na kwa usaliti huo waanzilishi watatu wa kundi hilo pamoja na masista wawili wa Kifaransa walitekwa na kuuawa. Ufaransa ilimhukumu kifungo cha maisha mwaka 1990 bila yeye kuwapo mahakamani. Nyumbani, hata hivyo, alikingwa na sheria ya mwaka 1987 iliyowasamehe maofisa kwa hoja ya kutii amri, hoja dhaifu mno kwa mtu aliyewatazama usoni aliowasaliti. Mahakama ya Juu iliibatilisha mwaka 2005, naye akafungwa maisha Oktoba 2011.