Chini ya mwembe jua halifiki kabisa, nipande maua gani yadumu?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Nipo Dar, nyuma ya nyumba nina kaeneo kadogo, juu mwembe mkubwa, pembeni ukuta wa ghorofa la jirani, jua hamna. Nimepanda mawaridi mara mbili yamekufa. Nataka maua ya kudumu, nimechoka kununua miche kila msimu.

JIBU: Nzuri dada, pole sana. Waridi linataka jua kama masaa sita kwa siku, hapo usirudie utapoteza hela. Kwanza, saa sita mchana weka karatasi nyeupe chini halafu nyoosha mkono juu yake, kama kivuli cha mkono hakionekani hata kwa mbali basi hicho ni kivuli kizito kweli, kama kinaonekana hafifu una nafuu.

Kwenye kivuli kizito mimi naanza na pisi lili, ile yenye ua jeupe limejikunja kama kijiko. Ikikosa maji inalala yote mpaka utadhani imekufa, imwagilie, baada ya masaa machache imesimama. Penye nafuu ya mwanga weka impeshensi (Impatiens), ua fupi lenye shina laini la majimaji, na hili ni ua la kwetu kabisa, kwao ni misitu yenye unyevu kuanzia Kenya mpaka Msumbiji. Likirefuka likabaki vijiti, kata ncha, tia kwenye glasi ya maji, linatoa mizizi unapanda tena, kwa hiyo miche hununui tena. Violeti ya Usambara nayo inapenda kivuli chenye mwanga (Mjerumani mmoja aliyekuwa mkuu wa wilaya Tanga ndo alipeleka mbegu kwao mwaka 1892, leo iko madirishani dunia nzima) ila hiyo weka kwenye chungu barazani, na usiyalowanishe majani yale yenye manyoya, yanapata madoa.

Sasa dada kinachoua mimea chini ya mwembe mara nyingi ni kiu kuliko hilo giza, watu hawalijui hili. Matawi yanazuia mvua, na ile kidogo inayopita mizizi ya mwembe inaiwahi. Usiikate mizizi mikubwa na usirundike udongo kwenye shina, chimba vishimo vidogo katikati ya mizizi, jaza mboji, au tumia ndoo kuukuu ulizotoboa chini. Na anayefagia uwanja asubuhi mwambie asizoe majani yote akachome, ayaache yafunike udongo kwenye maua, yanatunza unyevu na yakioza ndo mbolea yenyewe. Kabla ya kumwagilia chomeka kidole mpaka pingili ya pili, kukiwa na unyevu acha, maana kivulini udongo ukilowa sana mizizi inaoza.

Kama una watoto wadogo, pisi lili iweke mbali nao, wakitafuna jani mdomo unawaka na kuvimba.