Ujumbe wa tahadhari uliochelewa

SWALI: Shikamoo mhariri. Mume wangu ni mvuvi. Majuzi ujumbe wa upepo mkali uliingia kwenye simu yake saa kumi jioni, ilhali jirani yetu aliupata asubuhi. Kwa nini? – Mama wa Mikindani

JIBU: Marahaba, mama. Ujumbe mfupi wa kawaida hupelekwa kwa namba moja moja. Simu ikiwa imezimwa au ipo mbali na mnara, ujumbe husubiri hadi simu ipatikane tena, na kwa hiyo aliye baharini, ambaye ndiye anayeuhitaji zaidi, huwa wa mwisho kuupata. Upo utaratibu mwingine, unaotumika Japani na Marekani, ambao mnara hutangaza ujumbe kwa mpigo kwa simu zote zilizo katika eneo lake bila kuhitaji namba. Hata huo haumfikii aliye nje ya mawimbi ya mnara.

Kwa sababu hiyo, mumeo asingoje simu ilie. Kabla ya kushusha mtumbwi asikilize redio, au asome utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo ilitoa tahadhari kabla kimbunga Hidaya hakijafika pwani yetu Mei 2024. Nakuomba sana: simu aichaji usiku, aifunge vizuri ndani ya mfuko wa nailoni, na wewe uliye nchi kavu ukiupata ujumbe mapema, mpigie hapo hapo; asipopatikana, wahi diko ukawaambie wenzake.