Nikatwe titi zima au nitolewe uvimbe tu?

SWALI: Dada Muuguzi, shikamoo. Nina miaka 46. Nikiwa naoga niligusa kitu kigumu kama gololi kwenye titi la kushoto. Biopsi, yaani kipande cha uvimbe kilichopimwa maabara, imeonyesha ni saratani. Uvimbe una sentimita 2, na tezi za kwapani zinaonekana salama. Daktari amesema naweza kutolewa uvimbe peke yake kisha nipigwe mionzi, au nikatwe titi zima. Dada zangu wanasema, "Kata yote, yaishe." Mume wangu ananiuliza nataka nini, nami sina jibu. Naogopa kukosea.
Msomaji, jina tunalo

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana.

Hilo la "kata yote, yaishe" nimelisikia wodini miaka yote ya kazi yangu, na wanaolisema ni watu wanaompenda mgonjwa. Lakini lilishapimwa. Mwaka 1976 daktari mpasuaji wa Marekani, Bernard Fisher, na wenzake walianza kulinganisha wanawake waliokatwa titi na waliotolewa uvimbe tu. Miaka 20 baadaye, waliokatwa hawakuwa wameishi zaidi ya wenzao. Umberto Veronesi wa Milan naye alifikia jibu hilo hilo. Kwa waliobaki na titi, jambo kubwa lilikuwa mionzi: bila mionzi, saratani ilirudi kwenye titi lile lile kwa wanawake 39 katika kila 100, waliopigwa mionzi, 14. Matibabu ya leo yameshusha idadi hizo, ila ukichagua kubaki na titi, mionzi usiikwepe. Jipime kama utaweza kwenda karibu kila siku kwa wiki kadhaa.

Sisemi usikatwe. Wapo wenye sababu nzuri: uvimbe umetapakaa sehemu kadhaa za titi, kifua kilishapigwa mionzi zamani, kuna hitilafu ya kurithi kwenye jeni ya BRCA, inayoongeza hatari ya saratani ya titi, au moyo wa mtu hautatulia titi likiwepo. Hiyo ya mwisho nayo naiheshimu.

Ila barua yako haijataja kitu ninachokitafuta kwanza: majibu ya vipokezi, yaani sehemu za seli ya saratani zinazopokea ishara za kuikuza. Mgonjwa wangu mmoja alikaa na karatasi ya maabara imekunjwa mara nne ndani ya pochi, akiwaza kisu tu. Tulipoikunjua, mstari wa chini kabisa ulisema HER2 chanya: kipokezi hicho kilikuwa kingi mno kwenye seli zake za saratani. Mpango wote ukageuka: dawa zikatangulia, trastuzumabu inayolenga HER2 ikiwemo, upasuaji ukafuata. Vikiwa chanya vipokezi vya homoni, utameza vidonge vya kuzuia homoni kama tamoksifeni kwa miaka 5 au zaidi, titi liwepo lisiwepo.

Kwa hiyo omba nakala ya majibu yako, na umuulize daktari hali ya vipokezi vya homoni na HER2. Wiki mbili tatu za kuyangoja kwa kawaida hazikuharibii kitu. Usiziache tu zikawa miezi. Nenda na mmoja wa dada zako, yeye ashike kalamu, maana ukiwa mbele ya daktari nusu ya maneno yatakupita. Mume wako mwambie utamjibu mkishaisoma hiyo karatasi pamoja.