Skana haiwaki kwenye gari moja tu: anza na tundu la gari

Swali: Jambo fundi. Niko na garaji ndogo Katuba, hapa Lubumbashi. Skana yangu ya kusoma hitilafu za gari ni ile ya mkononi, ya kebo na kioo kidogo. Juzi msaidizi wangu aliichomeka kwenye kamyo, ikawaka ila haikusoma kitu. Jana ilisoma Toyota Ipsum bila shida. Leo nimeiweka kwenye Toyota RAV4 ya usukani wa kulia: kioo cheusi, hata mlio hakuna, nikizungusha ufunguo ni vilevile. Mwenye gari anasema chaji ya simu kwenye kiwashio cha sigara nayo haifanyi kazi. Wenzangu wanasema kamyo imeunguza skana. Nibadilishe kebo au ninunue ingine?

Jibu: Ndugu fundi, usinunue kitu bado. Tazama mpangilio wa siku zako: kamyo ilikuwa juzi, Ipsum jana. Skana iliyoungua juzi isingesoma Ipsum jana. Irudishe sasa hivi kwenye Ipsum au gari lolote zima. Ikiwaka, achana nayo kabisa, ugonjwa uko ndani ya RAV4. Jaribio hilo linachukua dakika moja, na linakuepusha kufungua kifaa kizima.

Skana ya aina hiyo haina betri ndani. Umeme wake wote unatoka kwenye tundu la gari inapochomekwa, lile la pini 16 chini ya dashibodi. Litazame tundu la gari upande mpana ukiwa juu: safu ya juu ni pini 1 hadi 8, kutoka kushoto kwenda kulia, safu ya chini ni 9 hadi 16. Ile ya mwisho chini kulia, namba 16, ni chanya inayotoka kwenye betri moja kwa moja. Namba 4 ni masi (upande hasi) ya bodi, namba 5 ni masi ya mawasiliano. Pini 16 inatakiwa kuwa na umeme hata ufunguo ukiwa mfukoni mwa mwenye gari, kwa hiyo kuzungusha ufunguo hakuponyi kioo cheusi. Ukikuta gari ambalo skana inawaka baada ya kufungua ufunguo tu, huenda kuna mtu aliwahi kuhamisha waya huo.

Weka multimeta kwenye volti 20 za DC. Waya mwekundu kwenye 16, mweusi kwenye 4. Betri nzima, injini imezimwa, inatoa kama volti 12.4 hadi 12.7. Kisha hamisha mweusi kwenda 5, usomaji uwe uleule. Ukipata sifuri kote kuwili, weka mweusi kwenye chuma kisicho na rangi: ikitokea 12, masi ndiyo iliyokatika, ikibaki sifuri, chanya haifiki.

Hapa kuna hatari mbili. Usisukume ncha nene ya multimeta ndani ya tundu. Vile vibati vya ndani vinapanuka, halafu pini ya skana inaingia bila kugusa chochote, na umejitengenezea ubovu mpya juu ya ule wa zamani. Tumia pini nyembamba ya kushonea, au pima kwa nyuma, pale waya unapoingia. Ya pili: ncha ikiteleza ikagusa 16 pamoja na 4, fyuzi inakatika papo hapo. Fyuzi nyingi za tundu hili zinakufa namna hiyo, kwa mkono wa fundi.

Kama chanya haifiki, nenda kwenye sanduku la fyuzi. Katika Toyota nyingi fyuzi yake imeandikwa OBD, yaani jina la tundu hili, ya ampea 7.5. Katika magari mengine tundu linashirikiana fyuzi na kiwashio cha sigara, redio au taa ya ndani, ndiyo maana maneno ya mwenye gari kuhusu chaji ni ya thamani. Pima zote mbili, OBD na ile ya kiwashio, usiishie kwenye moja. Na usipime kwa macho: ufa mdogo kwenye fyuzi hauonekani. Gusa vile vidoti viwili vya chuma mgongoni mwake kwa taa ya kupimia. Taa ikiwaka kwenye kimoja tu, fyuzi imekufa. Kwa fyuzi ya kiwashio fungua ufunguo kwanza.

Rudisha fyuzi ya ampea zilezile. Karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara au uzi wa shaba hapana, tafadhali: waya unaokwenda kwenye tundu hili ni mwembamba, na utaungua ndani ya dashibodi kabla uzi huo haujakatika. Fyuzi mpya ikikatika tena, iache nje, ufunguo ukiwa umezimwa, upime omu kati ya pini 16 na masi. Karibu na sifuri maana yake kuna mgusano wa chanya na masi. Chomoa kwanza vitu vilivyoongezwa: kifaa cha kufuatilia gari, alamu, redio. Wafungaji wanapenda kuchukua umeme hapa kwa sababu upo muda wote. Tazama pia ndani ya kiwashio, kipande cha bati la chaji iliyovunjika kinatosha. Na kama gari limehamishwa usukani, fuata waya wa tundu hadi pale ulipoungwa. Kiungo cha kusokota na kufunga plasta ndicho cha kwanza kushuku.

Kuna kesi moja inayodanganya mafundi wengi: multimeta inasema 12.5 na skana bado nyeusi. Multimeta haili umeme, kwa hiyo hata uzi mmoja uliobaki kwenye waya ulioliwa na kutu unaionyesha volti kamili. Chukua balbu ya volti 12 wati 5, iunganishe kati ya 16 na 4, upime volti ikiwa inawaka. Itakula kama ampea 0.4. Usomaji ukishuka zaidi ya nusu volti, kuna kiungo kibovu njiani, ama upande wa chanya ama wa masi.

Sasa, kama imekataa na kwenye Ipsum, shika kebo. Mara nyingi inakatika pale inapoingia kwenye kichwa cha plagi, kwa kukunjwa kila siku. Kama inachomoka upande wa skana, weka multimeta kwenye mlio, pima pini 16, 4 na 5 kutoka mwisho hadi mwisho huku ukiitikisa. Kisha ilishe skana mezani: betri ya volti 12, fyuzi ya ampea 1 kwenye waya wa chanya, chanya kwa pini 16, hasi kwa 4 na 5. Ikiwaka, ni nzima. Fyuzi ikikatika, kuna mgusano ndani, kwa kawaida diodi ya ulinzi au kipunguza volti. Kisipokatika kitu na kioo hakiwaki, fungua utazame kama kipunguza volti kinatoa volti 5. Hiyo ni kazi ya fundi wa elektroniki mwenye mkono mwepesi, na inatengenezeka.

Kuhusu kamyo, wenzako hawakosei kuogopa. Malori yanayobeba shaba kwenda mpakani Kasumbalesa yana betri mbili mfululizo, volti 24, na injini ikiwaka hufika kama 28. Skana nyingi ndogo zimeandikwa nyuma volti 9 hadi 18. Safari hii imepona. Msaidizi asome maandishi hayo kabla ya kuchomeka tena, na atazame mfereji wa plastiki katikati ya tundu la gari. Ukiwa umekatika vipande viwili, tundu hilo ni la volti 24, na plagi ya volti 12 ikigoma kuingia asiilazimishe.