Ukitunga vita vya baharini, anza na makaa

Wanaonitumia miswada ya vita vikuu vya kubuni, vile vinavyokwenda tofauti na tunavyovijua, karibu wote huanza na mizinga. Mimi nawashauri waanze na makaa ya mawe. Ndivyo ninavyoiandika hadithi yangu ya Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyoangamia Rufiji, na ambayo kwangu inanusurika.

Kisa cha kweli kinatosha kufundisha. Tarehe 20 Septemba 1914 iliizamisha Pegasus, manowari ya Waingereza iliyokuwa kwenye matengenezo pale Unguja. Baada ya ushindi huo mtambo wake ukaharibika, ikajificha kwenye delta, vipuri vikapelekwa Dar es Salaam kwa nchi kavu kutengenezwa. Makaa ya Beira, bandari ya Msumbiji, Waingereza walishayanunua ili isiyapate. Meli yake ya makaa, Somali, ikateketezwa humo humo mtoni. Julai 1915 Severn na Mersey, manowari za Waingereza zilizoundwa kupita kwenye kina kifupi, zikaimaliza.

Kwa hiyo usiiongezee meli yako mizinga. Ipe makaa, na useme yametoka wapi. Mimi nina daftari la safu tatu: tani zilizobaki, maili, mwendo. Ukizidisha mwendo mara mbili, kwa umbali uleule unachoma karibu mara nne, kwa hiyo kila sura ya kufukuzana ina bei yake. Sura ninayoipenda kuliko zote haina risasi hata moja: mabaharia wanahamisha makaa gunia kwa gunia, mawimbi ya kusi yanazigonganisha meli mbavu kwa mbavu, vumbi limewajaa machoni, na nahodha habanduki, anatafuta moshi baharini.

Pa kuipinda historia mimi napaona Aprili 1915. Meli ya Rubens ilitoka Ujerumani na makaa na silaha, ikafika ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, Hyacinth, manowari ya Waingereza, ikaikuta na kuishambulia. Silaha nyingi Wajerumani waliziopoa. Tuseme Hyacinth imechelewa siku moja: makaa yatafikaje Rufiji, na Waingereza wamekaa mlangoni mwa mto? Andika jibu hilo kwanza, ndipo upige mizinga.

Na usiwasahau wapagazi. Mizinga 10 ya Königsberg iliopolewa ikaenda kupigana bara, na waliokuwa wakiivuta ni watu wetu. Wao pia wanakula, kwa hiyo unga wao uwe na safu yake daftarini.