Kwa wanaoanza: namna ya kupima wochipointi kwenye programu ya nyuzi nyingi

Kila mwaka vijana wapya wanaingia kwenye timu za programu hapa Nairobi na kupewa kazi hii: hakikisha dibaga (programu ya kuchunguza programu nyingine inapoendeshwa; hapa ni gdb) inashika kila badiliko la kigeu, hata nyuzi (threads, njia za utekelezaji zinazoenda sambamba) zikiwa nyingi. Wengi hukimbilia kuandika programu, wakaweka wochipointi (watchpoint, agizo kwa dibaga isimamishe programu kigeu kinapobadilika), wakaona inasimama, wakaandika kwamba imefaulu. Kusimama hakutoshi. Kabla hujaandika mstari wa kwanza, lazima ujue dibaga itasimama mara ngapi, na ueleze kwa nini ni idadi hiyo na si nyingine. Bila hiyo huwezi kutofautisha kosa la gdb na kosa la jaribio lako.

Anza na maunzi. Laptopu nyingi tunazotumia, zikiwemo zile za mitumba za Moi Avenue, zina prosesa za x86-64. Prosesa hiyo ina rejista (vihifadhi vidogo vya ndani ya prosesa) nne za kushikilia anwani za kulindwa, DR0 hadi DR3. DR6 inaeleza ni ipi iliyoguswa, na DR7 inaziwasha na kuzizima. Kila moja inalinda baiti 1, 2, 4 au 8, kwa hiyo zote nne haziwezi kupita baiti 32. Kwenye Linux rejista hizi ni za kila uzi peke yake. Hapo ndipo penye kazi: gdb inapaswa kuziandika kwenye kila uzi uliopo, na kwenye kila uzi utakaozaliwa baadaye.

Programu ya kupimia iwe ndogo:

```c
#define NYUZI 4
#define MARA 10
volatile long salio = 0;
pthread_mutex_t kufuli = PTHREAD_MUTEX_INITIALIZER;

void *wakala(void *x) {
    for (int i = 0; i < MARA; i++) {
        pthread_mutex_lock(&kufuli);
        salio = salio + 1;
        pthread_mutex_unlock(&kufuli);
    }
    return NULL;
}
```

Ndani ya `main` anzisha nyuzi nne kwa `pthread_create`, kisha uzisubiri kwa `pthread_join`. Kompaili kwa `gcc -g -O0 -pthread`. Neno `volatile` usilitoe. Bila hilo, ukija kutoa kufuli na kutumia `-O2`, kompaila inaweza kujumlisha kwenye rejista na kuandika kwenye kumbukumbu mara chache tu, nawe utailaumu dibaga kwa kutoona kitu ambacho hakikuandikwa.

Skripti ya gdb ni hii:

```
set pagination off
break main
run
watch salio
commands
silent
printf "%d %ld\n", $_thread, salio
continue
end
continue
```

Iendeshe kwa `gdb -q -batch -x jaribio.gdb ./mawakala`. Jibu sahihi ni mistari 40, kumi kwa kila uzi, na salio linapanda moja moja bila kuruka. Sababu ni kufuli (mutex, inayoruhusu uzi mmoja tu kwa wakati). Uzi unaposimamishwa baada ya kuandika, bado umelishika, hivyo hakuna mwingine anayeweza kugusa salio kabla gdb haijasoma thamani. Mpangilio wa nyuzi usiupime kabisa, kwa sababu kerneli (moyo wa mfumo wa uendeshaji, inayopanga zamu za nyuzi) haikukuahidi zamu.

Sasa toa kufuli uone. Idadi itashuka chini ya 40 mara nyingine, na hapa ndipo wageni wengi hufungua ripoti ya kosa lisilokuwepo. Nyuzi mbili zinaweza kuandika karibu wakati mmoja, zote zikanaswa. Gdb inasimamisha nyuzi zote, inasoma thamani mara ya kwanza, tuseme kutoka 5 hadi 7. Inapofika kwenye taarifa ya uzi wa pili, thamani ni ile ile 7, na `watch` hutangaza tu pale thamani inapobadilika. Tena nyuzi zinaweza kukanyagana zenyewe kwa zenyewe na kuandika thamani moja. Jaribio lisilo na kufuli kwenye kigeu kimoja, basi, halina jibu moja sahihi. Lisiwe kipimo.

Ukitaka kupima minaso ya wakati mmoja, yaani nyuzi kadhaa zikigusa wochipointi pamoja, mpe kila uzi chumba chake: `volatile long meza[4]`, uzi wa kwanza anaandika `meza[0]`, wa pili `meza[1]`, na kuendelea. Weka `pthread_barrier_wait` kabla ya kitanzi ili zianze pamoja. Weka wochipointi nne, moja kwa kila chumba, na rejista zote zitajaa barabara. Usitumie `commands` hapa; rudia `continue` hadi programu iishe. Mwishoni soma `info watchpoints` na kila moja ionyeshe imeguswa mara 10. Ikikosa hata moja, gdb imepoteza taarifa iliyokuwa inasubiri kwenye uzi mwingine, na hilo ni kosa la kweli linalostahili kuripotiwa. Kwa maoni yetu hili ndilo jaribio la thamani kuliko yote. Likimbize mara mia kwa kitanzi cha shell, kwanza kwenye kiini kimoja kwa `taskset -c 0`, halafu kwenye viini vyote.

Ongeza wochipointi ya tano na gdb itakuambia `Could not insert hardware watchpoint` unapoendelea, si unapoiweka. Rejista pia huisha kimyakimya. `watch *p` hulinda `p` yenyewe pamoja na kile inachokielekea, yaani rejista mbili. Ukitaka anwani tu, andika `watch -l *p`. Muundo (struct) wa baiti 40 hautoshei, na gdb itarudi kwenye wochipointi ya programu, ile inayotembeza programu hatua kwa hatua.

Soma mstari unaochapwa unapoweka wochipointi. Ukiona `Hardware watchpoint 2` uko salama. Ukiona `Watchpoint 2` pekee, simama. Mwongozo wa gdb wenyewe unaonya kwamba aina hii inaweza isione badiliko linalofanywa na uzi usio wa sasa, na ni polepole mamia ya mara. Unaweza kuilazimisha kwa `set can-use-hw-watchpoints 0` ili uone tofauti, lakini usidai 40 kutoka kwake.

Mengine ya kupima: weka wochipointi kabla ya nyuzi kuzaliwa, kisha jaribio lingine baada ya kuzaliwa, kwa sababu njia ndani ya gdb ni mbili tofauti. Futa wochipointi katikati kwa `delete` na uendelee. Uzi ukisimama kwa `SIGTRAP` (ishara ya mnaso) isiyo na maelezo, rejista ya uzi fulani haikusafishwa. Pima pia kigeu cha ndani ya fanksheni ambacho anwani yake amepewa uzi mwingine. Hapo tumia `-l`, maana wochipointi ya kawaida imefungwa kwenye fremu (eneo la vigeu vya fanksheni inayoendeshwa) ya uzi ulioiweka.

`watch salio thread 3` haipunguzi mzigo kwenye x86: nyuzi zote bado hunaswa, gdb ndiyo inayochuja. Na ukiwasha `set scheduler-locking on` (uzi wa sasa tu ndio unaoruhusiwa kwenda) wakati uzi wako unasubiri kufuli lililoshikwa na uzi uliosimamishwa, utasubiri hadi stima ipotee.

`awatch`, inayosimama kigeu kinaposomwa au kuandikwa, ina hesabu yake. Kwa `-O0`, `salio = salio + 1` ni kusoma kisha kuandika, kwa hiyo tarajia 80. Kwa `-O2` fungua kwanza `disassemble wakala` uhesabu maagizo yanayogusa kumbukumbu. Usishangae pia mstari unaoonyeshwa ukiwa ule wa kufungua kufuli: x86 hunasa baada ya agizo kukamilika.

Ukimaliza ya kwako, endesha yale ya gdb yenyewe, yaliyo kwenye `gdb/testsuite/gdb.threads`, kwa `make check TESTS="gdb.threads/watch*.exp"`. Yanahitaji DejaGnu, mfumo wa kuendeshea majaribio. Matokeo yako kwenye `gdb.sum`, na mazungumzo yote na gdb yako kwenye `gdb.log`. `KFAIL` ni kosa linalojulikana tayari. `UNSUPPORTED` na `UNTESTED` si kufaulu, kwa hiyo usizijumlishe na `PASS`. Kwenye ripoti ambatisha `gdb --version`, `uname -r`, `lscpu`, na `gdb.log` nzima bila kuikata.